Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Usanifu wa Ndani wa Duka Changamfu la Mapambo ya Mavazi

Maswali haya yametoka kwa wenye maduka ya hereni, bangili, mikufu, mikoba, miwani, vibanio vya nywele na mitandio, wengi wao wakiwa wapangaji wa fremu ndogo, yaani vyumba vya biashara, jijini Dar es Salaam. Majibu yametokana na kazi ya kupima, kuchora na kusimamia mafundi katika fremu za namna hiyo. Vipimo vimeandikwa kwa mita na sentimita, isipokuwa pale ambapo mafundi wetu wenyewe huzungumza kwa futi.

Duka changamfu ni duka la namna gani hasa?

Ni duka ambalo mtu akiingia, mkono wake hautulii. Mapambo ya mavazi hayanunuliwi kwa kutazamwa tu: hereni lazima isogezwe sikioni, bangili lazima ipitishwe kiganjani, mkoba lazima utundikwe begani na mwenyewe ajigeuze kidogo mbele ya kioo. Kwa hiyo uchangamfu ninaouzungumzia hapa haupimwi kwa wingi wa rangi ukutani, bali kwa wepesi wa mteja kushika, kujaribu, kurudisha na kujaribu kingine bila kuomba ruhusa wala kuogopa kuangusha kitu. Wengi huja na picha za maduka ya mbali yenye maputo darini na kuta za pinki, nami huwauliza swali moja tu: katika picha hii, mteja atashika wapi? Mara nyingi jibu huwa kwamba hakuna pa kushika, kwa sababu duka lile lilipambwa ili lipigwe picha.

Nianzie wapi kabla sijamwita fundi?

Anzia kwenye mzigo. Tandika mkeka sakafuni, toa bidhaa zote kwenye maboksi, kisha uzitenge kwa jinsi zinavyokaa na si kwa bei yake: zinazoning'inia, zinazolala, zinazosimama zenyewe na zinazokunjwa. Hesabu kila fungu na upime. Tuseme una jozi 200 za hereni zilizobandikwa kwenye kadi za sentimita 5 kwa 7. Ukiipa kila kadi nafasi ya sentimita 7 kwa 10 ili vidole viweze kupita, utahitaji ubao wenye upana wa mita 1.4 na kimo cha mita 1, yaani safu 10 za jozi 20 kila moja. Hesabu hiyo ya dakika tano humwepusha mtu na kosa linalowagharimu wengi, la kuagiza rafu nzuri kwanza kisha kugundua kwamba nusu ya mzigo hauna pa kukaa na utaishia kwenye mifuko chini ya kaunta, ambako hakuna mteja atakayeuona.

Fremu yangu ina futi 10 kwa futi 12 tu. Je, nafasi hiyo inatosha?

Inatosha, na kwa bidhaa hizi ndogo naona ni afadhali kuliko ukumbi mkubwa, kwa sababu hereni chache katika ukumbi mkubwa huonekana kama mzigo uliokwisha. Futi 10 ni takriban mita 3.05. Rafu na mbao za kuning'inizia zilizo kwenye kuta mbili za ubavuni zisizidi kina cha sentimita 30 kila upande, hapo utabaki na takriban mita 2.45. Meza ya katikati yenye upana wa sentimita 60 itaacha njia ya sentimita 90 na ushee kila upande, na hiyo inamtosha mtu mmoja kusimama akichagua huku mwingine akipita nyuma yake bila kusuguana. Ukiongeza upana wa meza hata kwa sentimita 20, wateja wataanza kupeana njia kwa kutoka nje.

Kaunta iwekwe mwisho wa fremu, ikiwa na kina cha sentimita 50 na nafasi ya sentimita 75 nyuma yake kwa muuzaji. Hatua ya kwanza kutoka mlangoni, kama mita moja, iachwe wazi kabisa. Mtu anayetoka kwenye jua la saa saba mchana huingia macho yakiwa bado hayajazoea kivuli, na chochote utakachokiweka hapo atakipita bila kukiona au atakipiga teke. Meza ya katikati iwe na pembe za mviringo na magurudumu yenye kufuli, ili iweze kusogezwa siku ya kupokea mzigo mpya.

Nipake rangi gani?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu limebadilika kutokana na kosa nililolifanya mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikubali kuta zote nne za fremu moja ya Sinza zipakwe pinki iliyokolea, kwa kuwa mwenye duka aliipenda nami sikumbishia. Siku ya tatu baada ya kufungua, niliketi kando ya kaunta nikitazama. Mama mmoja alichukua hereni za rangi ya dhahabu, akazisogeza sikioni, akajitazama kwenye kioo, akakunja uso. Kisha akatoka nazo hadi barazani, akaziinua juani, akazigeuza mara mbili, ndipo akarudi ndani kulipa. Haikupita nusu saa, dada mwingine akafanya vivyo hivyo na mtandio wa kijani, ila yeye aliurudisha mahali pake akaondoka.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mwanga wa taa hugonga ukuta, na unaporudi huwa umebeba rangi ya ukuta huo, kisha unaimwaga juu ya ngozi ya mteja na juu ya bidhaa aliyoishika. Katika fremu nyembamba, kuta ziko karibu na uso wa mtu kila upande, kwa hiyo athari huwa kubwa. Tulirudia kupaka kuta tatu rangi nyeupe ya maziwa, pinki ikabaki kwenye ukuta wa nyuma ya kaunta peke yake.

Tangu hapo huwa ninaipangilia rangi kwa mfano wa kanga, kwa kuwa kila mteja wangu anaujua. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, ule mstari mmoja wa maneno. Pindo ndilo linalobeba fujo njema ya rangi na maumbo. Dukani, pindo ni kingo: fremu ya mlango, ncha za rafu, ukanda wa sentimita 15 chini ya dari, miguu ya meza, ndani ya droo. Hapo paka chungwa, samawati, urujuani au manjano bila woga, maana rangi iliyoko kwenye ukingo hailifikii shavu la mteja. Mji ni bidhaa zenyewe zikiwa juu ya rangi tulivu. Jina ni msemo mmoja kwenye ukuta wa nyuma, wa maneno matano au pungufu, uliotungwa kwa ajili ya duka hilo. Kanga haina majina manne, na duka lenye misemo kila ukuta halisomwi hata msemo mmoja.

Nichague taa za aina gani?

Tumia taa za LED, kwanza kwa sababu hazitoi joto jingi kama balbu za zamani, na fremu isiyo na kiyoyozi haihitaji joto la ziada. Soma boksi kabla ya kulipa. Tafuta namba mbili. Ya kwanza ni kelvini, inayoeleza rangi ya mwanga wenyewe: 2700 ni ya manjano kama sebuleni jioni, 6500 ni ya kibuluu kama zahanati, na duka la mapambo hukaa vizuri kati ya 3000 na 4000. Ya pili imeandikwa CRI au Ra, nayo huonyesha ni kwa kiasi gani taa inazionyesha rangi kama zinavyoonekana kwenye mwanga wa asili. Kiwango cha juu ni 100, na karibu na kioo usikubali pungufu ya 90. Taa za bei ya chini aghalabu hazina namba hii kwenye boksi. Zinafaa stoo.

Usichanganye taa za kelvini tofauti katika chumba kimoja, kwa sababu mkoba ule ule utaonekana wa kahawia kwenye rafu moja na wa kijivu kwenye nyingine. Taa za kumulika bidhaa zielekezwe ukutani kwa mshazari wa takriban nyuzi 30 kutoka wima, ili shanga na vioo vidogo vimetemete bila kuupiga mwanga usoni mwa mteja. Vile vipande virefu vya taa zinazobadilika rangi, vinavyopendwa sana siku hizi, viwekwe chini ya kaunta au nyuma ya bango, mbali na vioo.

Umeme ukikatika, duka la hereni lisilo na dirisha kubwa hufa papo hapo. Agiza mapema taa mbili zenye betri, moja ya kaunta na moja ya kioo kikuu. Ili kuzipima taa zote, chukua kitambaa chekundu, cha kijani na cha dhahabu, vitazame mbele ya kioo kisha utoke navyo hadi mlangoni mchana. Kama vimebadilika machoni pako, vitabadilika machoni pa mteja pia.

Vioo viwe vingapi na viwekwe wapi?

Vingi kuliko unavyodhani, lakini vidogo. Kioo kimoja cha mwili mzima kinatosha kwa mikoba, mikanda na mitandio, nacho kiwe na kimo cha angalau mita 1.5, kikianzia sentimita 30 kutoka sakafuni. Baada ya hapo, kila mahali panapokaa vitu vya usoni na shingoni pawe na kioo chake, mteja asilazimike kuvuka duka akiwa ameshika hereni tatu mkononi. Kioo cha hereni kitundikwe katikati yake ikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka chini, na pembeni yake kiwepo kingine cha kuinamisha kwa wale warefu au wafupi zaidi, pamoja na watoto. Mwanga wa kioo utoke pande mbili za uso. Ukitoka juu peke yake hutia vivuli chini ya macho, na hakuna mtu anayenunua akijiona amechoka.

Umbo la kioo ndipo mahali pazuri pa kuweka mchezo. Fundi aluminiamu na fundi vioo wanaweza kukata yai, jani, nusu mwezi au wimbi kwa gharama isiyotisha, mradi kingo zisagwe zisikate. Epuka kioo kinachopotosha umbo la mtu, hata kama kinachekesha. Mteja hujikumbuka alivyoonekana pale.

Je, michoro ya Tingatinga inafaa kwenye duka la namna hii?

Inafaa mno, na nafurahi kila ninapoulizwa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na ndani ya miaka minne tu kabla ya kufariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo ambao wanafunzi wake wameuendeleza hadi leo. Ndege mwenye jicho kubwa, chui mwenye madoa yaliyopangwa kama shanga na mandhari ya rangi moja iliyoshiba ni uchangamfu uliozaliwa hapa hapa, usiohitaji kuagizwa kwa meli.

Ila usimpe mchoraji ukuta mzima nyuma ya bidhaa, kwa kuwa hereni zitapotea ndani ya madoa ya chui. Mpe sehemu ambazo hazining'inizwi kitu: milango ya makabati, mbele ya kaunta, viti vidogo, upande wa ndani wa mlango. Duka mojawapo nililolipenda lilikuwa na droo 12 za bangili, na kila droo ilichorwa mnyama wake. Watoto walikuwa wakizifungua ili wamwone anayefuata, na mama zao nyuma yao. Mlipe mchoraji kwa heshima na umruhusu aweke saini.

Rafu zitengenezwe kwa mbao za aina gani?

Kwenye mwambao, adui ni unyevu. MDF, yaani bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ni nyororo na hupokea rangi vizuri, lakini ikinyonya maji hufura, na ikishafura hairudi. Ukiitumia, hakikisha kingo na matundu yote yamepakwa rangi au kubandikwa ukanda, na iinuliwe kwa miguu angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, maana sakafu hupigwa deki kila asubuhi. Kwa sehemu za chini na zilizo karibu na mlango ambako mvua ya masika huingia, mimi huagiza plaiwudi ya milimita 18 iliyopakwa vanishi. Bodi za kawaida huuzwa kwa futi 4 kwa futi 8, kwa hiyo chora rafu zako zigawanyike vizuri ndani ya kipimo hicho ili usilipie vipande vitakavyotupwa.

Unyevu huo huo, pamoja na hewa yenye chumvi, huharakisha kutu na kupauka kwa vito vya bei nafuu, nayo mikoba ya ngozi huota ukungu. Vitu vya fedha na shaba vikae kwenye droo au kabati la vioo linalofungwa, pamoja na pakiti za vidonge vya kunyonya unyevu, na mikoba isibanwe ukutani bila upenyo wa hewa.

Dirisha la mbele nilipange vipi?

Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi, lakini la asubuhi na la alasiri huingia kwa ubavu. Dirisha linalotazama magharibi litapausha mitandio na kulainisha gundi ya vito vya kubandika ndani ya wiki chache. Hapo weka vitu vya kutazamwa visivyouzwa: umbo kubwa la hereni lililotengenezwa kwa ukili, sanamu ya kichwa yenye kilemba, mwavuli uliogeuzwa ukaning'inizwa bangili za mfano. Kitu kimoja kikubwa kinachoonekana kutoka upande wa pili wa barabara hufanya kazi kuliko vitu 40 vidogo vinavyohitaji mtu asogee.

Naweza kuvunja ukuta ili niunganishe fremu mbili?

Usivunje wala kutoboa ukuta, nguzo au boriti kabla mhandisi hajaikagua na mwenye jengo hajakubali kwa maandishi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakapoteza maisha wakiwa kwenye biashara zao. Hakuna uzuri wa duka unaostahili hatari ya namna hiyo. Mlango mkubwa wa kuunganisha unaweza kusubiri.

Kaunta iwe na nini?

Iwe na sehemu mbili za kimo. Ile ya juu, sentimita 100 hivi, ni ya kulipia na kusainia. Ile ya chini, sentimita 75, ni ya mteja aliyeketi, mtoto, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Panga tangu kwenye mchoro mahali pa mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, na soketi yake, mahali pa kubandika lipa namba ili isomeke bila mteja kuinama, na droo ya vifungashio. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo utahitaji nafasi ya mifuko ya karatasi au ya kitambaa, ambayo huchukua nafasi zaidi. Mabaki ya vitenge yaliyoshonwa vifuko vidogo vya hereni ni kifungashio ambacho mteja hakitupi.

Ninawezaje kuzuia wizi bila kufungia kila kitu kwenye kabati?

Fungia vya bei kubwa tu. Vilivyobaki vilinde kwa mpangilio: muuzaji aliye kaunta auone mlango na pande zote mbili za meza, na pasiwe na rafu ya katikati inayozidi kimo cha sentimita 130. Jaza kila tundu la ubao wa hereni, kwa sababu pengo huonekana mara moja kwenye safu iliyojaa. Salamu ya mlangoni husaidia kuliko tangazo la kutishia, na tangazo hilo, kusema kweli, huwaumiza wateja waaminifu.

Fedha zangu ni kidogo. Kipi kitangulie na kipi kisubiri?

Taa na vioo vitangulie, kisha mbao za kuning'inizia, kisha rangi. Kaunta ya fahari na dari ya jipsamu visubiri. Kwa kuwa wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo na wanaweza kuhama, usizike fedha kwenye vitu vilivyojengewa ukutani. Agiza rafu za kufungwa kwa skrubu, zenye vipimo vitakavyoingia kwenye fremu nyingine, na uandike kwenye mkataba kwamba ni mali yako.

Mpangilio ubadilishwe baada ya muda gani?

Meza ya katikati ibadilishwe kila wiki, dirisha kila mwezi au kabla ya Idi, Krismasi na miezi ya harusi nyingi, na kuta ziachwe kama zilivyo, kwa sababu mteja wa kudumu hupenda kujua vibanio viko wapi bila kuuliza. Kabla ya kuhamisha kitu chochote, piga picha ya ukuta mzima na uandike ni kipi kiliuzwa pale. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kumbukumbu ya mahali panapouza na mahali palipolala, na hapo ndipo mazungumzo yako na fundi yatakapokuwa na vipimo mkononi.